Barua kwa mwanangu: Mwokozi mmoja, watu wote

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Mkunazini, sote wazima. Unasema wenzako Waislamu wa kazini huko Chake Chake wamekuuliza sisi Wakristo: ikiwa mnaamini Mwokozi ni mmoja tu, vipi tena mnasema Mungu anawataka watu wote? Ukakosa la kujibu.

Anza na 1 Timotheo 2, mstari wa 4 hadi wa 6, na usiukate katikati. Paulo anasema Mungu hutaka watu wote waokolewe, na papo hapo anatoa sababu: "Kwa sababu Mungu ni mmoja, na mpatanishi kati ya Mungu na wanadamu ni mmoja." Kisha anasema Kristo alijitoa kuwa ukombozi kwa ajili ya wote. Yaani huyo mmoja ndiye anayewabeba hao wote. Lau kila taifa lingekuwa na mwokozi wake, asiye na taifa angekimbilia wapi?

Wengi wetu huharibu kwa kuushika mstari wa Matendo ya Mitume 4:12 peke yake, ule usemao hapana jina jingine la kuokolewa kwalo, na kumtupia jirani kama jiwe. Petro alipoyasema yale alikuwa yeye ndiye anayehojiwa, mbele ya Baraza la Wayahudi Yerusalemu, kwa sababu ya kiwete aliyeponywa. Alikuwa akimtaja aliyemponya.

Ukitoka hapo nenda sura ya 10 ya kitabu hicho hicho, na usiiharakishe. Kornelio ni akida wa jeshi la Kirumi, si Myahudi. Anasali, anatoa sadaka nyingi, anamcha Mungu, na malaika anamwambia sala zake zimefika. Petro yuko Yafa, hataki hata kuingia nyumba ya mtu wa mataifa, yaani asiye Myahudi, mpaka aonyeshwe katika maono, mara tatu, lile shuka lenye wanyama aliodhani ni najisi. Anakwenda Kaisaria, na huko anakiri kwamba Mungu hana upendeleo. Roho Mtakatifu anawashukia wale watu kabla hawajabatizwa. Lakini angalia pia 11:14: pamoja na wema wake wote, Kornelio aliagizwa amwite Petro amweleze maneno ya kuokolewa kwayo. Wanaosema njia zote ni sawa huuruka mstari huu. Wanaosema Mungu hasikii dua ya asiye Mkristo huiruka 10:4. Wewe shika yote mawili.

Na tenganisha maswali mawili ambayo watu huyachanganya. Nani anaokoa? Tunajibu bila kusita: Yesu Kristo. Fulani ataokoka? Hiyo ni hukumu ya Mungu, hatukupewa. Wokovu umetolewa kwa wote, lakini hupokewa kwa imani. Hakuna anayelazimishwa, wala kuandikwa kwenye daftari la parokia hakumwokoi mtu.

Wakitaka kuona maana yake hapa kwetu, waambie juu ya kanisa kuu la Anglikana la Mkunazini, hapa mjini Unguja. Soko la watumwa lililokuwa hapo lilifungwa 1873, na Krismasi ya mwaka ule ule likawekwa jiwe la msingi pale pale. Cecil Majaliwa, aliyekuwa mtumwa akakombolewa, alipewa ukasisi mwaka 1890. Kama ukombozi usingekuwa wa wote, mtu aliyewahi kuuzwa kama bidhaa asingesimama madhabahuni akawabariki wengine.

Namna ya kujibu imo katika 1 Petro 3:15: kwa upole na kwa hofu. Jibu ulichoulizwa, kisha nyamaza usikilize. Usiwasomee aya za Qurani ambazo hukujifunza kwa mwalimu. Wao wamezihifadhi tangu chuo cha Qurani, na utawakosea heshima. Useme wazi kwamba wao wanamheshimu Nabii Isa, na kwamba sisi tunamwamini kuwa Mwokozi aliyesulubiwa akafufuka. Tofauti hiyo ni kubwa, usiifunike ili mradi mazungumzo yawe matamu.

Wakifika kwenye Utatu, yaani Mungu mmoja, Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, waombe subira uniandikie kwanza. Hilo linataka barua yake.

Mungu akulinde.
Mama yako