Wakulima 60, majibu 60 ya kweli

Mbukwenyi! Juzi mdogo wangu mmoja anayesoma kompyuta hapa Dodoma ameniandikia: "Kaka, nataka Java, hii lugha ya kuandikia programu, inipe kweli au si kweli kwa kubahatisha, nafanyaje?" Jibu ni fupi: tengeneza `Random` moja, yaani kifaa cha Java cha kubahatisha, kisha iite `nextBoolean()`, amri inayojibu kweli au si kweli. Lakini swali lake limenitonesha kidonda.

Kikundi kimoja cha wakulima wa zabibu upande wa Hombolo kiliniomba programu ya kuchezesha kura. Wanachama 60, miche ya kutosha watu 30. Kila mwanachama nikamtengenezea `Random` yake, mbegu yake (namba ambayo hesabu ya `Random` huanzia, si mbegu ya shambani) ikawa namba yake ya uanachama, 1 hadi 60, na akitoka kweli anapata miche, ili mtu akitaka kuhakiki apate jibu lilelile. Nilijiona nimefikiria mbali. Sikuijaribu hata mara moja.

Siku ya kura tulikaa chini ya mti, kompyuta juu ya kreti la soda. Namba 1, kweli. Makofi. Namba 2, kweli. Makofi. Tulipofika 20 makofi yalikuwa yamekata. Wote 60 walitoka kweli. Mzee mmoja akaniuliza taratibu, "Mwanangu, hii mashine haijui kukataa?" Akavua kofia, wakachana vikaratasi, na kura ikaisha mimi bado nakodolea macho kioo. Malipo sikuyadai. Kilichoniuma, na bado kinauma, ni ile minong'ono kwamba kijana wa mjini alikuja kuwapotezea muda.

Nilikesha siku mbili nikitafuta kosa. `Random` haina bahati ndani yake, ni hesabu tupu: inashika namba ya biti 48 (tarakimu 48 za 0 na 1), inaizidisha kwa namba ileile kila mara, inajumlisha 11. `nextBoolean()` inasoma biti ya juu kabisa ya matokeo. Mbegu zinazokaribiana huzaa majibu ya kwanza yanayokaribiana. Ukiziita kwa `nextDouble()`, inayotoa desimali kati ya 0 na 1, zote 60 zinacheza kwenye 0.73 hivi, juu ya nusu. Kwa hiyo biti ya juu ni 1, yaani kweli, kwa kila mmoja. Kweli, kweli, kweli.

Kwa hiyo, mdogo wangu, `Random` iwe moja, iundwe nje ya kitanzi (sehemu ya programu inayojirudia), na usiipe mbegu. Ukitaka namba 0 au 1 badala ya kweli na si kweli, usiandike `nextInt(1)`, hiyo hutoa 0 daima, andika `nextInt(2)`. Na ukitaka watu 30 kamili, `nextBoolean()` si chombo chake, maana hata ikiwa nzima itakupa 27 leo na 34 kesho. Changanya orodha kwa `Collections.shuffle`, uchukue 30 wa mwanzo.

Vijana wenzangu, tunapenda kuitwa wataalamu kabla hatujajaribu kazi zetu wenyewe. Mkulima aliyeacha shamba lake kuja kukusikiliza anastahili heshima ya jaribio moja.

Leo usiku zungusha kitanzi chako mara 1,000, uhesabu kweli ngapi. Zikikaribia 500, endelea. Zikitoka 1,000, nitumie programu yote tuipitie mstari kwa mstari.