Maswali na Majibu: Baiskeli ya mbio ya zamani, gia moja tu

Tangu nilipogusia habari ya kugeuza baiskeli kuukuu ya mbio iwe ya gia moja, maswali hayajakatika. Yanayofanana nimeyaunganisha.

Fundi, shikamoo. Mjomba ameniachia baiskeli ya mbio ya chuma yenye gia 12, nyingi hazishiki. Nataka ibaki na gia moja. Ninunue nini kwanza?

Marahaba. Usinunue kitu. Ipindue baiskeli magurudumu yawe juu, chuchumaa nyuma yake, utazame pale ekseli ya nyuma inapoingia kwenye fremu. Mimi napaita mdomo wa fremu, na ndio unaoamua kazi itakuwa rahisi au ya kusumbua.

Sababu ni hii. Kwenye baiskeli ya gia nyingi, cheni hukazwa na kile kibadilisha gia cha nyuma, ule mkono wenye springi na vigurudumu viwili. Ukiutoa, cheni inaning'inia. Mdomo ukiwa wa kulala, yaani ufa umelala kuelekea mbele na nyuma, unalivuta gurudumu nyuma mpaka cheni ikaze, unafunga nati, umemaliza. Fremu nyingi za chuma za enzi za gia 10 au 12 ziko hivyo. Mdomo ukiwa wa kusimama, ekseli inaingia kwa chini na haina pa kwenda. Hapo utahitaji kikaza cheni, mkono mdogo unaofungwa palepale kilipokuwa kibadilisha gia. Kinafanya kazi, lakini kwa kweli umetoa mkono wenye springi ukafunga mwingine! Kama kile cha zamani bado kizima, kibakize, ukizungushe viskrubu vyake vya mipaka, vile vinavyokizuia kisivuke upande huu au ule, mpaka kikae mstari mmoja na gia uliyoichagua. Hutumii hata senti.

Kwa wenye mdomo wa kulala: ukipunguza pingili mbili za cheni, ekseli inasogea mbele milimita 12.7. Ukibadilisha gia ya nyuma kwa jino moja, inasogea kama milimita 3. Kwa hiyo usikate cheni kabla hujaizungusha kwenye gia ya mbele na ya nyuma, gurudumu likiwa katikati ya ufa, ukaona mwisho wake unafika wapi.

Meno mangapi mbele, mangapi nyuma? Kila ninayemuuliza ana jibu lake.

Kwa sababu kila mmoja ana magoti yake na vilima vyake. Fanya hivi kabla hujafungua hata nati moja: chagua gia moja kwenye baiskeli kama ilivyo, kisha uendeshe wiki nzima bila kugusa kibadilishio. Ukijikuta unasukuma baiskeli kwa mguu kilimani, gia ni nzito. Ukijikuta miguu inazunguka kama cherehani na baiskeli haiendi, ni nyepesi. Ile itakayokufaa, hesabu meno yake.

Hesabu yenyewe si ngumu. Gawanya meno ya mbele kwa ya nyuma, zidisha kwa mzingo wa tairi, ambao kwa baiskeli ya mbio ni kama mita 2.1. Meno 42 mbele na 16 nyuma yanakupeleka kama mita 5.5 kwa mzunguko mmoja wa pedali. Hapo watu wengi wa njia tambarare wanaridhika. Ukiweka 18 nyuma inashuka hadi mita 4.9, na magoti yatakushukuru kwenye mwinuko. Ukiacha ile gia kubwa ya mbele yenye meno 52 na 16 nyuma, ni karibu mita 6.8. Inapendeza kuitazama. Ila subiri taa nyekundu ya kwanza, baiskeli ikiwa imesimama kabisa.

Wanaodhani gia moja ni unyonge wakumbuke kwamba mbio za Tour de France hazikuruhusu vibadilisha gia kama hivyo vyenye mkono wa springi mpaka mwaka 1937. Kabla ya hapo waendeshaji walifika chini ya mlima, wakashuka, wakalichomoa gurudumu la nyuma na kuligeuza ili watumie gia nyepesi ya upande wa pili.

Nimeshaigeuza, lakini cheni inaruka nikipita kwenye mashimo. Nimeikaza mpaka inalia na bado inaruka.

Ilegeze kwanza, unaziua beringi. Cheni ikaze kiasi kwamba ukiishika katikati, kati ya gia ya mbele na ya nyuma, inapanda na kushuka kama milimita 12 kwa jumla. Tatizo lako nadhani ni mstari. Chukua rula ndefu iliyonyooka, iegemeze ubavuni mwa gia ya mbele, utazame inaangukia wapi nyuma. Ikiwa iko nje ya gia ya nyuma kwa milimita nne au tano, cheni inakwenda upande siku nzima, na siku ikipata mtikisiko inatoka.

Wengi hukosea mbele. Krenki za zamani, ile mikono inayobeba pedali, zina gia mbili za mbele, na mtu huacha ile ya nje kwa kuwa ndiyo inayong'aa. Toa zote mbili, kisha funga moja upande wa ndani. Bolti za awali zitakuwa ndefu mno kwa gia moja, kwa hiyo tafuta fupi au ujazie washa, zile pete bapa za bolti. Bado haijakaa sawa? Kama habu, yaani kitovu cha gurudumu, ni ya kaseti, ambapo gia huchomekwa bila kuzungushwa kama skrubu, hamisha spesa za nyuma, zile pete za kujazia nafasi, moja kutoka kushoto kwenda kulia au kinyume chake, mpaka rula iseme ndiyo.

Jambo lingine: zungusha pedali polepole huku ukiishika cheni. Utakuta mahali inakaza na mahali inalegea, kwa sababu gia ya mbele mara nyingi haikukaa katikati kabisa. Pima ulegevu pale inapokaza, si pale inapolegea. Mimi hulegeza kidogo bolti za gia ya mbele, naigonga taratibu kwa mpini wa nyundo upande unaokaza, kisha nafunga tena.

Friwili ya zamani imegoma kutoka. Nitumie patasi?

Hapana. Friwili, lile fungu la gia za nyuma linaloacha pedali zitulie gurudumu likizunguka, hufungwa kwenye habu kama skrubu. Tafuta kifungulio chenye meno yanayolingana na ya friwili yako. Kibane kwenye jiliwa meno yakitazama juu, kiweke gurudumu juu yake, halafu uzungushe gurudumu lote kwa mikono miwili, kinyume cha saa. Rimu ndiyo mpini wako. Niliwahi kujaribu kwa spana badala ya jiliwa, kifungulio kikateleza, na kovu ninalo hadi leo kwenye vifundo vya vidole.

Wakati wa kufunga friwili mpya ya gia moja, paka grisi kwenye nyuzi, ile mikato ya skrubu. Ianze kwa vidole tu. Ikikataa baada ya mzunguko mmoja, simama: magurudumu ya zamani ya Ufaransa yana nyuzi tofauti kidogo, na ukilazimisha utaharibu habu.

Rafiki amenishauri nifunge gia isiyoachia, ile ambayo pedali hazisimami, kwenye habu ya kawaida ya friwili, nitie gundi ya nyuzi. Breki pia nitoe, eti ipendeze.

Huyo rafiki umchunguze. Habu ya gia isiyoachia ina pete ya ziada yenye nyuzi za kinyume, inayoizuia gia isifunguke unaposukuma pedali kurudi nyuma. Habu ya friwili haina pete hiyo. Siku utakayotaka kusimama ghafla, gia itajifungua yenyewe na pedali zitazunguka bure. Na breki hutakuwa nazo. Bakiza friwili, bakiza breki zote mbili.

Kila nikikanyaga kwa nguvu, gurudumu la nyuma linagusa fremu upande wa kushoto.

Cheni inauvuta upande wa kulia wa ekseli kwenda mbele. Bila shaka unatumia kile kifungio cha mkono cha haraka, na kwenye mdomo wa kulala baadhi yake huteleza. Weka ekseli nzima ya nati, au kifungio imara cha chuma.

Vipuri nilivyotoa nivitupe?

Visafishe, vitie kwenye kopo moja pamoja na bolti zake. Atakayekuja kuirudisha ilivyokuwa, pengine wewe mwenyewe baada ya kuhamia penye vilima, atavitafuta. Kebo za gia ndizo utupe, hizo zimeshaoza.