Kwa mnaoanza kazi ofisi ya wachezaji

Jumanne iliyopita kijana wetu mmoja, wiki yake ya tatu kazini, alitoka chumba cha filamu simu ikiwa sikioni, akasema kwa sauti ya mnadani: "Huyo mwacheni aende, kwenye potali wapo mia kama yeye." Potali ni ile orodha ya wachezaji wanaotaka kuhama chuo. Hatua tano kutoka pale mlango wa chumba cha tiba ulikuwa wazi. Wachezaji wanne walikuwa wamelala vitandani, barafu zimefungwa magotini. Wote wanne waligeuza shingo. Mmoja wao anaishi nyumba moja na huyo "mwacheni aende".

Nilimshika mkono nikamtoa nje kwenye baridi ili niongee naye, maneno yakanikwama. Ndiyo maana naandika. Nawaandikia ninyi wadogo zangu wa Dar, Nairobi, Kigoma na Bukavu mliokuja Marekani kusoma, mkaanza kwa kubeba kamera mazoezini, kisha mkapewa kompyuta na kiti kwenye stafu ya futiboli ya chuo, ile ya Kimarekani. Mimi nami nilipita njia hiyo hiyo. Nawapenda, na mwezi huu mmenichosha kweli.

1. Dirisha la kuhama ni siku 15, kazi yake ni mwaka mzima.

Zamani kidogo tulikuwa na Desemba, halafu tukawa na Aprili ya kurekebisha makosa ya Desemba. Sasa Aprili imefutwa. Mwaka 2026 kila kitu kilibanwa kati ya tarehe 2 na 16 Januari. Anayeanza kuzungumza na wachezaji wake tarehe 2 amekuta wenzake wameshakula na kuosha vyombo. Mazungumzo ya kumbakisha mtu hufanyika Septemba, siku amecheza vibaya na hakuna anayemsalimia.

2. Shabiki ana hesabu yake, nanyi jifunzeni kuisoma.

Nasikia mnawaita mashabiki wajinga. Acheni. Shabiki amekata tiketi za msimu mzima, na bibi yake alikuwa anakaa jukwaa lile lile. Anachokosa ni habari kamili. Amesikia kwamba baada ya hukumu ya Juni 2025 chuo kinaweza kuwagawia wanamichezo wake hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza, akaona basi duka limefunguliwa, tatizo ni kocha asiyejua kununua. Hakuambiwa kwamba fungu hilo ni la michezo yote ya chuo, wala kwamba wapinzani wake nao wamepewa kikomo hicho hicho.

Halafu ameiona timu ya chuo cha Indiana. Mwaka 2023 walishinda mechi tatu wakapoteza tisa. Akaja kocha Curt Cignetti, mwaka 2024 wakashinda 11, na Januari 2026 wakabeba ubingwa wa taifa bila kupoteza mechi hata moja, kwotabeki wao, yaani mrusha pasi, Fernando Mendoza akiwa ametoka chuo cha California kwa uhamisho na kuchukua Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa futiboli ya vyuo. Sasa kila shabiki nchini anauliza: kwa nini si sisi? Swali la haki kabisa. Lakini angalieni Cignetti alivyoanza. Alikuja na wachezaji 13 kutoka James Madison, chuo alichotoka yeye mwenyewe. Vijana wale walikuwa wameshazoea maneno yake, hasira zake na ratiba yake ya asubuhi, na baadhi yao ndio waliokuwa uti wa mgongo wa timu iliyokuja kuwa bingwa. Bibi yangu Tanga alikuwa akisema usiache mbachao kwa msala upitao. Cignetti alihama na mbachao wake mkononi.

Upande wa pili ni Florida State. Mwaka 2023 walimaliza msimu wa kawaida na fainali ya ligi yao 13-0, ushindi 13 bila kupoteza. Mwaka uliofuata, baada ya wakubwa kuondoka na nafasi zao kujazwa kwa potali, 2-10. Kocha ni yule yule, uwanja ni ule ule. Na Penn State: Januari 2025 walikuwa nusu fainali ya taifa, Agosti wakapangwa wa pili kwenye orodha ya waandishi, tarehe 12 Oktoba kocha wao James Franklin hana kazi. Kupoteza mechi tatu mfululizo tu. Kumvunjia mkataba kulimdai mwajiri karibu dola milioni 49, na hilo halikumzuia mtu. Kocha mkuu akiondoka na mamilioni, sisi wa ofisi ya nyuma tunaondoka na maboksi. Kumbukeni hilo kabla hamjatupa neno koridoni.

3. Orodha zenu ni watu.

Hapa nitakaa kidogo.

Desemba 2022 nilikuwa chuo cha kati ambacho sitakitaja. Tulikuwa tumemaliza msimu wa kawaida 7-5, na mashabiki walikuwa na jambo moja midomoni: tunafungwa kwa pasi ndefu. Walikuwa wakweli, tulikuwa tunafungwa. Dirisha likafunguliwa tarehe 5. Kocha mkuu akaniagiza nimtengenezee jedwali la wachezaji wote: miaka iliyobaki, dakika za uwanjani, kasi, uzito. Nikalitengeneza vizuri sana. Kisha nikaongeza safu moja ya mwisho ambayo hakuna aliyeniagiza. Nikaiita "wa kubadilishwa", na kila aliyeingia humo nikampaka rangi nyekundu. Wakawa 19.

Mmoja wao alikuwa sefti wetu, mlinzi wa nyuma kabisa, wa mwaka wa tatu. Hakuwa na mbio, muda wake wa kukimbia yadi 40 ulikuwa unatia huruma. Lakini ndiye aliyekuwa anawapanga wenzake nyuma, anapiga kelele, anasogeza huyu, anamrudisha yule. Jedwali langu halikuwa na safu ya kelele. Familia yao ilitoka Goma, wakafika Marekani kwa mpango wa wakimbizi yeye akiwa mdogo. Kiswahili chake kilikuwa cha kupapasa, ila kila Ijumaa alipita ofisini kwangu kunywa chai na chapati anazopika mke wangu. Aliniita kaka. Na mimi nilimpaka nyekundu, kwa sababu namba zilisema nyekundu na nilitaka kocha aone kwamba sina upendeleo kwa mtu wa kwetu.

Alhamisi usiku kocha akanipigia simu, nikakimbia ofisini kwake. Jedwali nililiacha limewashwa kwenye skrini kubwa ya chumba cha wachezaji wa ulinzi. Nikarudi nyumbani nikalala. Saa kumi na mbili asubuhi walinzi wana kikao. Nilipokumbuka nilikuwa barabarani, na nilipofika nilikuta skrini imezimwa. Wachezaji wamekaa, madaftari yamefunguliwa, hakuna aliyeniangalia. Nikajiambia labda imezimika yenyewe.

Kosa la skrini lingeweza kumpata mtu yeyote. Kilichofuata nilikifanya kwa siku 11 nikiwa na akili zangu timamu: nilinyamaza. Ijumaa ile yule kijana hakuja kunywa chai. Ijumaa iliyofuata hakuja pia. Nilikuwa na namba yake, nilijua mlango wake, mita 200 kutoka ofisini. Nikawa najizamisha kwenye filamu za masefti wa vyuo vingine, kumi kwa siku, ishirini kwa siku, nikijihesabia kwamba nafanya kazi kwa bidii.

Siku ya 12 jina lake likatokea kwenye potali. Mpaka dirisha linafungwa, wengine sita walikuwa wamemfuata, wanne kati yao wakiwa na rangi nyeusi ya "abaki" kwenye jedwali langu. Waliondoka kwa sababu walimpenda yeye.

Mama yake alinipigia simu Jumapili jioni. Tulikuwa tumekutana mara moja tu, siku ya wazazi. Akanisalimia kwa upole, akauliza watoto, akauliza mke. Kisha akasema: "Papa, mutoto ameniambia jina yake uliliandika na rangi nyekundu. Ni kweli?"

Nikasema ndiyo, mama.

Akakaa kimya kidogo. "Mimi nilikuwa nawaambia watu wa kanisa, usiogope, kule kwa timu kuna mutu wetu."

Nikaomba radhi. Alinijibu, "Haina neno, papa, Mungu akusaidie," na niliona kwa sauti yake kwamba alimaanisha. Ningepokea matusi kwa urahisi zaidi.

Miezi kadhaa baadaye kijana mwenyewe alinieleza ilivyokuwa. Yeye ndiye aliyefika wa kwanza chumbani asubuhi ile, kama kawaida yake. Aliona jedwali, akaona jina lake, akaona na ya wenzake. Akaenda kuizima skrini ili wengine wasijione. Lakini nyuma yake walikuwa wameshaingia wanne.

Tulimpata sefti wa potali, ana kasi, ana urefu, kijana mzuri na mwenye adabu. Mechi ya kwanza ya 2023 akapiga kelele kumpanga mwenzake wa pembeni kwa neno la chuo alichotoka. Kwetu neno hilo lilikuwa na maana nyingine. Mwenzake akakimbilia kushoto, yeye kulia, mpira ukapita katikati yadi 60. Uwanja mzima ukamzomea. Alikuwa na miaka 20, na nilikuwa nimesimama nyuma ya benchi nikijua kelele zile ni za nani. Tulimaliza 3-9. Jumapili baada ya mechi ya mwisho kocha mkuu alifukuzwa, na saa nane mchana tukaitwa stafu wote, wengine na wake zao wajawazito, tukaambiwa turudishe funguo.

Nilimkuta kocha kwenye maegesho anapakia vitu garini. Hapo ndipo nilipomweleza habari ya skrini, mwaka mzima umepita. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Ungeniambia asubuhi ile ile, ningemwita nyumbani tukala naye." Akafunga buti akaenda.

Nimefanya kazi vyuo viwili tangu siku hiyo. Sijawahi tena kuandika safu ile, na mchezaji anayepaswa kuambiwa kwamba nafasi yake inatafutiwa mtu, huambiwa na kocha wake, uso kwa uso, kabla sijafungua filamu ya mtu mwingine. Baadhi huondoka. Wanaondoka wakitupa mkono, na hawaondoki na wenzao sita.

4. Ya haraka haraka.

Angalia matokeo yake ya darasani kabla ya filamu yake. Masomo yasiyohamishika yameshatuharibia usajili mwingi kuliko magoti. Usitaje fedha hata kwa ishara, kuna mtu wa kazi hiyo. Wakala akikuambia ana ofa tatu, mwambie sawa na umpigie kocha wa sekondari wa mchezaji. Muulize kila mgeni walikuwa wanatumia maneno gani kule alikotoka, uyaandike, umpe kocha wa nafasi yake siku hiyo hiyo. Zima skrini.

5. Usimpe shabiki idadi ya ushindi.

Mtaulizwa kwenye kituo cha mafuta, kanisani, msikitini, kwa kinyozi. Sare ya timu mnayovaa inawaita watu. Mkisema tisa, mji mzima utalala na tisa. Sema nani anafanya mazoezi vizuri, basi.

Lakini msikilizeni. Hapa tulipo sasa kuna mzee anayeuza vipuri vya magari, uwanja wetu anaujua tangu enzi za viti vya mbao. Agosti iliyopita alinisimamisha akaniuliza, "Namba saba ni nani siku hizi?" Nikamtajia. Akauliza namba 22. Nikamtajia. Akauliza namba 54, na mimi mwenyewe ikanibidi nifikirie. Akasema zamani alikuwa anamwona kijana anaingia mwembamba, anamwona ananenepa, anamwona anakosea, mwaka wa nne anamwona anainua kombe, na alikuwa anamvumilia kwa sababu alikuwa anamjua. "Sasa mnaniletea watu wazima nisiowajua mnaniambia nisubiri. Nimsubiri nani?"

Nimeutafakari usemi ule miezi mitano. Tunalalamika kwamba subira ya mashabiki imekwisha, kumbe subira hupewa mtu unayemfahamu. Tangu hapo kila mgeni wa potali akifika, wiki yake ya kwanza ninampeleka kwa mzee yule na kwa wenzake wa jukwaa la mashariki, wanakula naye, wanamuuliza kwao ni wapi na mama yake anafanya kazi gani. Inachukua saa mbili. Mmoja wa vijana hao alidondosha mpira uliotugharimu mechi ya Oktoba, na Jumatatu yake wazee wawili walifika mazoezini kumsalimia. Amebaki. Dirisha limefunguliwa, limefungwa, amebaki.

Kijana wangu wa koridoni, sijamaliza na wewe. Kesho njoo saa moja asubuhi, uje na daftari, kompyuta iache nyumbani. Tutapitia majina yote 105 moja moja, unieleze kila mmoja anaishi na nani. Tutaanza na yule uliyesema aende. Bado hajasaini popote.