Jibu kwa aliyeuliza kama kilimo endelevu cha serikali kimewahi kuacha kitu: HASHI na ngitili za Shinyanga

Mkuu, umeuliza kama kuna mpango wowote wa serikali wa kilimo endelevu uliobaki hai baada ya magari ya mradi kuondoka. Upo. Nimekulia Shinyanga vijijini, kwenye familia ya wafugaji, na jibu langu ni HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga.

Enzi za mkoloni misitu ilifyekwa kuangamiza ndorobo, ikaja pamba, mifugo ikaongezeka, kisha Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikahamisha watu wakaacha malisho waliyokuwa wakiyatunza. Ardhi ikabaki kipara. Serikali ikaanzisha HASHI mwaka 1986, kwa msaada wa fedha za Norway.

Mwanzoni ilikuwa vitalu na kugawa miche. Mambo yalibadilika mabwana miti walipokaa na wazee na kuitilia maanani ngitili. Kwa asiyeijua: mvua zikianza, Msukuma anatenga sehemu ya malisho, haikanyagwi na ng'ombe hadi kiangazi. Visiki na mizizi iliyofichika ardhini ikipumzishwa inachipua yenyewe.

Ngitili ya mzee wangu ilifunguliwa kiangazi kikishakaza, tena kipande kwa kipande. Waliotangulia kuingia ni ndama, ng'ombe wanaonyonyesha na maksai, maana maksai wakikonda nani atavuta plau mvua zikirudi? Kundi lililobaki lilichungwa mbali. Mama aliokota kuni humohumo, na nyasi za kuezekea zilikatwa kabla mifugo haijaingia. Aliyelisha kwa wizi aliitwa kwenye dagashida, baraza letu la kimila, akatozwa faini, na sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, walihakikisha inalipwa.

HASHI ilichofanya ni kuupa utaratibu huo nguvu ya serikali, na vijiji vikatunga sheria ndogo za kuulinda. Ngitili zilizorekodiwa mwaka 1986 zilikuwa kama hekta 600. Mradi ulipofungwa mwaka 2004 zilikadiriwa kuzidi hekta 300,000. UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, iliitambua kazi hiyo kupitia Tuzo ya Ikweta mwaka 2002. Kwangu tuzo ni jambo dogo. Kubwa ni kwamba migunga ilirudi na ina mwenyewe.

Kwa hiyo nikisikia mipango ya sasa, sipingi. Ruzuku ya mbolea iliyoanza 2022 imewafaa wengi, vipima udongo walivyopewa maafisa ugani vinahitajika sana, na Mkakati wa Taifa wa Kilimo Ikolojia Hai (kilimo kinachofuata njia za asili) uliozinduliwa 2023 naungana nao kwa moyo wote. Ila mradi ukifika kijijini kwenu, ulizeni mapema: mti huu ni wa nani, na akiukata mtu anashtakiwa wapi? Nimeona miche ikishushwa mvua zimekwisha, kwenye eneo lisilo na mwenyewe. Yote ilikauka.

Hata ngitili zenyewe ziko hatarini. Baba akifariki, watoto wanagawana, kila mmoja anapata kipande kisichotosha kulisha ng'ombe, kinaishia kuwa mkaa au shamba. Kwenu kama bado mnayo, iingizeni kwenye mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji, na familia iombe hati ya hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Andikeni majina ya wanafamilia wote, wakiwemo mabinti. Anzeni kwa mtendaji wa kijiji, mzee akiwa bado hai.