Muuguzi Anapobisha Hodi kwa Mbunge

SWALI: Mimi ni muuguzi wa ngazi ya juu hapa Texas. Siwezi kuandika dawa bila mkataba na daktari. Nimwone mbunge lini, nimwambie nini?

JIBU: Usisubiri kikao. Bunge la Texas hukutana Januari ya miaka witiri, siku 140 tu, na baada ya siku ya 60 miswada mingi mipya haipokelewi. Mwone mbunge wako mwaka unaotangulia, katika ofisi yake ya eneo la uchaguzi. Ukipokewa na msaidizi usinune. Mara nyingi ndiye humwandalia maelezo.

Peleka karatasi moja: unachoomba, namba ya mswada kama upo, na mfano mmoja wa eneo lake. Kwa mfano, daktari wa mkataba akistaafu, nani atawaandikia wagonjwa dawa? Usitaje mgonjwa kwa jina. Akiuliza usalama, mkumbushe kwamba mwaka 2022 New York iliwaondolea sharti la mkataba na daktari wauguzi wa ngazi hiyo waliozidi saa 3,600 za kazi.

Miswada mingi hufia kwenye kamati, mwenyekiti asipoipangia siku ya kusikilizwa. Kama mwenyekiti huyo si mbunge wako, tafuta wauguzi wapiga kura wake wampigie simu. Barua mia zilizonakiliwa neno kwa neno huhesabiwa tu, hazisomwi.