Kwa mnaoanza eksirei: msibonyeze kitufe kabla ya pumzi

Wadogo zangu mnaokuja Tanga kwa mafunzo ya vitendo, picha ya kifua mtaipiga mpaka mwiote usingizini. Vipimo mmeshafundishwa: mgonjwa asimame, kifua kiguse kaseti (bamba linalopokea picha), miale iingie mgongoni kutoka sentimita 180 ili moyo usikuzwe. Hayo yanashikika upesi. Kinachowashinda wengi ni pumzi.

Nilipokuwa mgeni wa kazi nilimpiga picha bibi mmoja aliyetoka Pangani. Foleni ndefu, nikamwambia mbiombio, "Vuta pumzi, bana!" Akapandisha mabega tu. Juu ya kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, zikaonekana mbavu 7 za nyuma, moyo ukatanuka, na chini ya mapafu kukawa na weupe unaofanana na nimonia. Tukamrudia. Akala mionzi mara mbili kwa haraka yangu, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Sasa huanza na mazoezi. "Shikamoo bibi. Tuvute pamoja, kisha utoe. Vuta tena, zaidi ya mwanzo, ibane." Pumzi ya pili hushuka zaidi. Mimi natazama mabega: yakipanda, bado. Ikikaa sawa, utahesabu mbavu 9 au 10 za nyuma juu ya kiwambo.

Halafu ncha za mapafu. Kifua kikuu cha watu wazima hupenda kukaa huko juu, na huko huko ndiko misuko ya nywele huangukia ikaacha kivuli cha kumchanganya daktari. Nywele zifungwe utosini, kidevu kiinuliwe. Hirizi usiivue wewe. Omba kwa adabu, aivue mwenyewe ampe nduguye. Mikono kiunoni, viwiko vije mbele, makombe ya mabega yatoke juu ya mapafu.

Mgonjwa akiegemea mguu mmoja, kifua hupinda. Kwenye picha, ncha za ndani za mitulinga ziwe mbali sawasawa na mstari wa uti wa mgongo.

Mwanamke muulize habari ya ujauzito mkiwa wawili, mama mkwe abaki nje. Mbele yake atakujibu "hapana" hata kama ipo.

Na asiyeweza kusimama, ukimpiga kitandani kwa mbele, moyo utaonekana mkubwa kuliko ulivyo. Andika kwenye picha jinsi ulivyompiga, daktari wa wodini asije akamwanzishia dawa za moyo asizozihitaji.