Kigiriki mwaka wa tatu? Usithubutu

Mleta uzi, umeuliza ukasome theolojia Mbeya au Iringa, hosteli au kupanga, na falsafa inabana kiasi gani. Halafu katikati ukachomekea kasentensi kwamba Kigiriki utakisoma mwaka wa tatu kwa sababu simu yako ina konkodansi yenye namba, ile faharasa ya maneno ya Biblia ambapo kila neno la asili lina namba yake. Hapo nikaacha chai ipoe, na kwa baridi hii ya Uyole haikuchukua dakika mbili.

Hizo namba ni za James Strong, mwaka 1890. Zinakufikisha kwenye shina la neno, basi. Hazikwambii kama ni amri, wala nani katenda na nani katendwa. Mathayo 28:19, "enendeni": namba inakupa kitenzi cha kwenda na kazi yake imeisha. Anayejua nusu anagundua kwamba "poreuthentes", Kigiriki cha hiyo "enendeni", kwa umbo si amri, anapanda madhabahuni kutangaza kuwa Biblia yetu ya Union Version imekosea, eti Yesu alisema "mkiwa mnaenda". Umbo hilo likitangulia amri ya namna ya "mkawafanye" inayofuata hapo, linabeba nguvu ya amri. Mathayo 2:13 ni vilevile: "Ondoka, umchukue mtoto." Au Yusufu naye aliambiwa aondoke akipata nafasi?

Lakini kinachomaliza watu ni agape, neno la Kigiriki la upendo (kitenzi chake ni agapao). Mimi kimenigharimu sapu mbili (mitihani ya marudio) na keri moja (somo la kubeba mwaka uliofuata), tuishie hapo. Mahubiri mnayajua: Yohana 21, Yesu anauliza kwa agapao, upendo wa kimungu, Petro anajibu kwa phileo, upendo wa kirafiki. Watu wanalia, sadaka inapanda. Sasa fungua Yohana 3:35, Baba ampenda Mwana: agapao. Yohana 5:20, Baba yuleyule, Mwana yuleyule: phileo. Yohana 3:19, watu wakapenda giza: agapao. Dema aliyemwacha Paulo kwa kuupenda ulimwengu, 2 Timotheo 4:10: agapao. Kwenye Agano la Kale la Kigiriki, 2 Samweli 13, Amnoni kwa Tamari dada yake: neno hilohilo. Huo nao wa kimungu? Yohana hupenda tu kubadilisha maneno. Katika mistari mitatu ya Petro, Yohana 21:15-17, anabadilisha kulisha na kuchunga, wana-kondoo na kondoo, hata neno la kujua. Mbona hayo hayahubiriwi?

Na aliyetufundisha kwamba "dunamis", neno la Paulo la nguvu, ni baruti, Mungu anamwona. Alfred Nobel aliibatiza baruti yake "dynamite" kutokana na neno hilo mwaka 1867; Paulo angeijuaje? Asili ya neno si maana yake. Jina la bodaboda lilitokana na kuvusha watu mpakani. Mwambie kijana wa Mwanjelwa kwamba kwa asili ya neno lazima akufikishe Tunduma, uone nauli. Na mgeni akichambua "kiti moto" kwa shina, ataagiza akalie.

Mhadhiri wetu mmoja aliyekuwa akisema "Kigiriki ni mapambo, simu inatosha" alijua fika kwamba fafanuzi za mwaka wa tatu, zile kazi za kuchambua andiko, zinasahihishwa kwa kuangalia Kigiriki chake. Sijui alikuwa anaokoa muda wa nani.

Fanya hivi. Wiki ya kwanza, herufi 24, kwa mkono, kwenye daftari, si kwenye simu. Kisha kariri jedwali la "ho", kile kineno kinachotangulia majina kama "the" ya Kiingereza, maumbo yake 24: jinsia tatu, umoja na wingi, na maumbo manne kwa kazi ya jina katika sentensi. Ukilishika, majina mengi umeyapata nusu bure. Maneno 10 kwa siku, siku tano kwa wiki, siku ya sita marudio tu. Maneno kama 300 hivi, yanayojirudia mara 50 au zaidi, yanabeba karibu asilimia 80 ya Agano Jipya lote, kwa hiyo wiki sita au saba zinakufikisha pazuri. Wengi wanakwama kwenye vitenzi kwa sababu walikariri orodha bila kusoma sentensi. Anza na 1 Yohana, sura tano, maneno machache yanayorudi rudi. Marko baadaye.

Ukitaka kuchunguza neno, kusanya kwanza mahali pote mwandishi huyohuyo alipolitumia, ndipo uende kwa waandishi wengine, kisha Agano la Kale la Kigiriki. Namba zizime kabisa kwenye mipangilio ya hiyo programu.

Falsafa? Chukua mantiki kwanza. Ya hosteli watakujibu wengine.